Vichwa vya Wazee wa Kanisa

Alama za Yunseo zilitosha kumliza kwa furaha mama yeyote wa Kikorea pale Duluth, Marekani. Mshauri wa kuombea nafasi vyuo vikuu, aliyelipwa ghali ili awatishe wazazi, alizitazama akapiga miayo.

"Hizi kila mtoto anazo. Fidla nayo, kila mtoto anapiga. Huyu anapenda nini hasa?"

"Hesabu," mama akajibu upesi.

"Kunyoa," Yunseo akaropoka.

Mama akamfinya paja. Kumbe kila Jumapili, watu wakinywa supu baada ya ibada, binti yake alikuwa nyuma ya kanisa akiwanyoa wazee, nao wakimtunzia siri. Kichwa cha mzee kikishatulia mkononi mwake, Yunseo alisahau kwamba duniani kuna mitihani.

Mshauri aliamka kitini. "Kunyoa! Hiyo sijaisikia kwa Mkorea yeyote! Vyuo vitamkumbuka!"

Mama akaacha kufinya.

Basi furaha ikageuzwa somo. Mikasi mipya ikanunuliwa, ratiba ikabandikwa ukutani: fizikia, halafu kunyoa. Mama Yunseo hakuweza kunyamaza; akajigamba mbele ya wenzake wakiwa mezani kanisani. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na safari hii uliponza vichwa vya wazee wote. Jumapili iliyofuata kila mama alileta mtoto wake na mashine ya kunyolea, hata mke wa mchungaji.

"Niacheni jamani!" Mzee Maeng alipiga kelele, kofia kaishika kwa mikono miwili. "Nimeshanyolewa mara mbili, imebaki ngozi!"

Haukupita muda, kanisa zima likawa halina nywele za kukata. Yunseo akaketi peke yake kule nyuma; mama yake alipomfuata, akamgeukia.

"Nilikuwa na kitu kimoja tu, Mama. Kimoja! Umekigawa kama peremende."

Mama akavuta kiti, akaketi, akachomoa vibanio. Mawimbi ya nywele zake yalikuwa yametoka saluni juzi tu, na alikuwa akilala chali ili yasiharibike.

"Kata."

"Mama, hizi?"

"Kata kabla sijaghairi." Akafumba macho kama anayengoja sindano, kisha akanyoosha simu nyuma ya bega. "Ila piga picha kwanza. Mshauri atataka kuona."

Yunseo akaichukua simu, akaizima, akaitia mfukoni. Kisha akaanza kukata.