Chupa za Shemeji Ghalib

Siku dada yangu Mwatima alipofariki, Kidoti hakukamuliwa. Watu wote walikuwa mazikoni au jikoni, na hakuna aliyekumbuka zizi. Jioni, ndama alipolia sana kwenye kamba yake, Shamte mchungaji alikwenda kumfungua, akamwacha anyonye atakavyo. Aliporudi alisimama uani akasema, "Yule ng'ombe anamtafuta mwenyewe."

Mwatima alijifungua alfajiri, akatutoka kabla ya adhuhuri. Katikati ya saa hizo alikuwa na akili zake. Nilipomwambia kuwa ni mwanamume, alicheka kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, akasema, "Mwambieni Kidawa mkwewe kafika." Mumewe, shemeji yangu Ghalib, alikuwa nje ya mlango, akayasikia maneno hayo. Asingeyasikia, labda mambo yangekuwa mepesi.

Kidawa ni mke wa Shamte. Nyumba yao iko mwisho wa shamba la minazi la Ghalib, hapa Kirongwe. Yeye na dada yangu walishika mimba karibu pamoja, na kila walipokutana kisimani walikuwa na ahadi yao: mmoja akizaa mume na mwingine akizaa mke, watawaoza. Watu walicheka, kwa sababu Ghalib bin Sleyum ana shamba na ana ukoo, babu yake alitoka Omani, na Shamte humchungia ng'ombe. Ndugu zake Ghalib wa Chole hawakucheka. Walisema ni maneno ya wanawake, yatapita. Ghalib akawajibu kuwa neno la mkewe ni neno lake. Kidawa akatangulia kuzaa, akampata Somoe.

Basi siku ileile ya maziko Kidawa alikuja na Somoe mgongoni, akanyoosha mikono. "Nipe mtoto, Bi Saleha. Maziwa ninayo ya kuwatosha wawili."

Nilikuwa nimeshamwinua. Ghalib akasema kutoka mlangoni, "Asinyonye."

"Kwa nini, Bwana Ghalib?"

"Akinyonya kwako, Somoe atakuwa dada yake. Mtu atamwoaje dada yake?"

"Kwani anaoa leo?"

"Tuna ng'ombe," Ghalib alisema. "Atakunywa maziwa ya ng'ombe."

Alisema tuna ng'ombe kana kwamba zizi limejaa. Wawili walikufa kwa homa masika yaliyopita, na wa tatu alikuwa na mimba, amekauka. Aliyebaki na maziwa ni Kidoti, mweusi mwenye doa jeupe la uso. Tulijaribu maziwa ya mbuzi wa jirani, mtoto akayatapika yote. Nikawa nampa maji ya mchele kwa kitambaa, na huku nikimwomba Mungu juu ya Kidoti.

Kidoti alilelewa na Mwatima tangu mama yake alipokufa, na alikuwa hajapata kukamuliwa na mkono mwingine. Ng'ombe wetu hawa hawatoi maziwa bila ndama. Unamwachia ndama anyonye kidogo, maziwa yakishuka unamvuta, unamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake, ndipo unakamua. Mwatima alifanya hivyo huku anaimba kwa pua, wimbo usio na maneno. Mimi nilifanya vilevile, wimbo pia. Ndama alinyonya, povu likamjaa mdomoni. Nilipomvuta na kushika chuchu, maziwa yalirudi juu. Nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi, nikapata ya kulowesha chini ya kata tu. Shamte akajaribu, akapigwa teke la goti.

"Anaumwa," Ghalib alisema.

"Haumwi, Bwana," Shamte alisema akijishika goti. "Amefiwa."

"Ng'ombe hafiwi."

Asubuhi yake akaenda Chole kwenye duka la Ussi, kwa kuwa boma liko huko na bidhaa za meli hushuka huko. Alirudi na chupa nyeusi. Juu yake palibandikwa karatasi yenye picha ya ng'ombe mnene, kiwele kinakaribia kugusa majani, na maandishi mengi ya Kizungu chini yake. Ussi alimwambia ni dawa ya ng'ombe, kikombe kimoja kwa mdomo. Shamte alimshika pembe, Ghalib akaimimina. Nusu Kidoti aliipulizia kwenye kanzu ya Ghalib. Nusu iliyobaki ilimtoka kwa nyuma mpaka jua likazama. Maziwa hayakuja.

Mwalimu Mfaume wa chuo cha Kurani alikuja kuomba dua, akamsikia mtoto akilia chumbani, akauliza mbona hapewi ziwa. Tukamweleza. Akafikiri, akasema, "Kinachomfanya mtoto kuwa wa mwanamke ni kunyonya mara tano. Na mara moja ni mpaka ashibe, aache mwenyewe. Chini ya hapo si mwanawe."

Kidawa alikuwa nyuma ya pazia. "Kwa hiyo mara nne ni halali, Mwalimu?"

"Nimesema tano."

"Na mimi nauliza nne."

Mwalimu akakohoa. Ghalib akatazama chini, kisha akatikisa kichwa kukubali. Siku hiyo mtoto alinyonya kwa Kidawa kwa mara ya kwanza, akaachia mwenyewe, akalala usingizi ambao hatukuwa tumeuona tangu azaliwe. Mimi pia nililala. Nilipoamka nilimkuta Ghalib amekaa kizingitini. "Zimebaki tatu," akaniambia, kama mtu anayechungulia mtungi wakati wa ukame.

Nilidhani sasa ataacha chupa. Alirudi Chole kumlaumu Ussi, na Ussi akamjibu, "Ile ni ya kuanzia, Bwana. Ya kumalizia ndiyo hii." Chupa ya pili ilikuwa na mafuta mekundu yenye harufu ya lami, na picha ni ileile. Ya kupaka kwenye kiwele. Tukapaka. Ndama akaja mbio, akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Tulimsukuma, akakaza miguu. Kufika jioni kiwele kilikuwa kigumu kama dafu, na Kidoti anaguna kwa maumivu.

"Mwanzo alikuwa amegombana na sisi tu," Shamte alisema. "Sasa tumemgombanisha na mwanawe."

Nilimwosha Kidoti kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ya mikono yangu ikachubuka. Kesho yake ndama alikubali kunyonya, kwa shaka. Lakini mtoto wetu alikuwa amekesha na njaa, na mara ya pili ikaondoka. Tulikuwa tumekwisha kumpa jina, Muhidini. Jina lilikuwa kubwa kuliko yeye.

Kidawa ndiye aliyetoa wazo la kanga. Ng'ombe hujua kwa harufu, alisema, tafuteni nguo ya Mwatima. Nilifikiri Ghalib atakasirika. Badala yake alisimama, akaniomba nimpe. Nikaenda kulifungua furushi la nguo nikijua nitakachokuta. Siku ya tatu ya msiba wanawake walizifua zote kwa sabuni, wakazifukiza udi, wakazikunja tayari kwa sadaka, kama tufanyavyo. Nilimpa jozi ya kanga aliyoipenda Mwatima. Ghalib alijifunga moja kiunoni, nyingine akajitanda kichwani mpaka ndevu zikabaki peke yake nje, akachutama kando ya Kidoti.

Shamte akageukia mnazi.

"Cheka tu," Ghalib alisema.

"Sicheki, Bwana."

"Mabega yanakucheza."

"Basi nacheka, Bwana. Umependeza."

Ghalib akacheka naye, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha kicheko kikamgeukia, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, na sisi tukatazama mbali. Kidoti alinyoosha shingo, akainusa ile kanga kwa muda mrefu, pindo mpaka pindo. Halafu akageuza uso. Ilinuka sabuni.

Jioni hiyo Muhidini akanyonya kwa Kidawa mara ya tatu.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Ghalib aliziweka chupa zote mbili mbele yake, akasema kosa ni letu, tunatumia tusivyojua, karatasi ndiyo inayoeleza. Alimpelekea Mwalimu Mfaume. Mwalimu alisema herufi hizo si zetu. Ghalib akarudi nazo, akaketi kuzitazama, na hapo likamjia neno ambalo lilinifanya nitamani kupiga kichwa ukutani.

"Mgonjwa wetu hunywa kombe," alisema. "Tunaandika kwa zafarani kwenye sahani, tunaosha, anakunywa, anapona."

"Shemeji, lile ni neno la Mungu. Haya ni maandishi ya dukani."

"Wewe unajua pameandikwa nini?"

"Sijui."

"Basi."

Akazibandua karatasi zote mbili, akaziloweka kwenye bakuli, picha na maneno, mpaka wino ukatoka na karatasi zikawa kama uji. Kidoti aliyanywa maji yale yote, maana alikuwa na kiu. Nashukuru Mwalimu hakuwapo.

Na ikawa kesho yake akapita karani wa boma kwa mambo ya kodi, mtu anayesoma Kizungu. Ghalib alimkimbilia njiani na chupa mbili mikononi.

"Karatasi yake iko wapi?" karani akauliza.

"Ng'ombe ameinywa."

Karani akanitazama mimi. Mimi nikatazama kuku. Akaipindua chupa, akaona herufi zilizochongwa chini ya kioo.

"Pameandikwa nini?" Ghalib alimsogelea.

"Jina la mji."

"Basi tu?"

"Basi tu, Bwana."

"Na dawa yenyewe ni ya nini?"

"Hilo lilikuwa kwenye karatasi."

Mpaka leo hatujui. Pengine ilikuwa ya kwato. Siku hiyo Muhidini alinyonya mara ya nne, na alipoachia, Kidawa hakuchelewa kunirudishia, akajifunika haraka kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe.

Asubuhi Ghalib alivaa viatu vyake. Nikasimama mlangoni. "Shemeji, usiende Chole."

"Ussi amesema iko ya tatu."

"Na ikishindwa utafuata ya nne? Mtazame mtoto. Mwatima alimtaka mkwe, sawa. Na mtoto je, hakumtaka?"

"Mwatima nimemzika, Saleha. Na neno lake nalo nilizike?"

Nilisogea, akapita.

Alilala huko. Nilimpa Muhidini maji ya mchele, akayaacha yamtiririke shingoni. Usiku alilia. Asubuhi alilia kidogo. Kufika alasiri alikuwa amenyamaza, anafungua mdomo na sauti haitoki, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio chote. Nikamfunga kifuani nikapita chini ya minazi mpaka kwa Kidawa. Alikuwa barazani ananyonyesha Somoe. Aliniona, akajua, na hakunyoosha mikono.

"Hii ya tano, Bi Saleha."

"Najua."

"Tuliahidiana wawili, mimi na Mwatima. Mwenzangu hayupo. Nikiivunja peke yangu nitakuwa nimemdhulumu. Mwite baba yake aseme."

"Baba yake yuko Chole ananunua chupa!" Nilipiga kelele mpaka Somoe akashtuka. Sikuwa nimepaza sauti tangu msiba, hata kaburini. Nilimlaumu Kidawa kwa mambo ambayo hakuyafanya, na Ussi, na Kidoti, na Mwatima mwenyewe kwa kuahidi visivyozaliwa. Kidawa alinisikiliza huku machozi yanamtoka, na mikono yake ilibaki pale pale.

Ghalib alitokea hapo. Alikuwa ametukosa nyumbani, akafuata. Chupa ya kijani ilikuwa kwapani. Alitazama uso wa mwanawe, akamwekea kidole kwenye mdomo. Muhidini hakukishika.

"Mpe," akasema.

"Ni ya tano, Bwana Ghalib," Kidawa akasema polepole.

"Najua kuhesabu, Kidawa."

Akaketi mwisho wa baraza, ametupa mgongo. Kidawa alinipa Somoe, akampokea Muhidini. Mtoto hakushika. Kidawa akamkamulia tone mdomoni, na jingine, tukangoja. Kisha tukasikia akimeza.

"Anakunywa?" Ghalib aliuliza bila kugeuka.

"Anakunywa," nikamwambia.

Aliketi vivyo hivyo mpaka mtoto aliposhiba na kuachia mwenyewe. Shamte aliporudi na ng'ombe, Ghalib alimwambia asimfunge ndama tena. Halafu akaifungua ile chupa ya kijani, akainusa, akakunja pua, akaimwaga kwenye mchanga.

Naandika haya kwa herufi nilizofunzwa chuoni, kwa sababu wale wawili wakikua watasikia kwa watu kuwa walikuwa waoane, na watauliza. Ndugu wa Chole wameshatuma salamu, wamefurahi. Ghalib hakuzijibu.

Chupa zote tatu ziko nyumbani kwa Kidawa, zimetiwa mafuta ya taa. Kidoti hakamuliwi. Muhidini ananyonya ziwa la kulia, Somoe la kushoto.