Bonyeza Endelea Tu

Tovuti yangu alinitengenezea mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo lolote aliloniambia kuihusu nililimeza bila maji. Mimi ni seremala wa vitanda vya watoto wachanga. Msumeno naujua, mtandao nilimwachia yeye.

Kisha wateja wakaanza kunipigia. "Mama Randa, tovuti yako inasema tunaweza kuibiwa." Kabla ya kuona kitanda hata kimoja, mtu anakutana na alama nyekundu na maandishi kwamba hapo si salama. Mama mjamzito hachezi na maneno hayo. Nikamuuliza mdogo wangu, akacheka.

"Dada, kompyuta nazo zina woga wake. Waambie wabonyeze endelea tu."

Nikawaambia. Miezi mizima nimekuwa kasuku wa endelea tu. Wachache waliendelea, wengi wakaingia mitini. Karakana ikapoa hadi nikakosa vumbi la kufagia, na nilishaanza kutafuta mnunuzi wa mashine ya kuranda.

Juzi nikasema liwalo na liwe, nikapiga simu kwenye kampuni inayohifadhi tovuti yetu. Akapokea dada mmoja mpole.

"Kila tovuti ina cheti kinachothibitisha kwamba uliyemfikia ndiye uliyemtafuta," akanieleza. "Wengine onyo linawatokea kwa sababu cheti kimeisha muda. Hiki hakijaisha, mama. Kina jina la tovuti nyingine. Gusa hapo juu kwenye onyo, usome."

Nikasoma. Lilikuwa jina la utani la wifi yangu, mke wa mdogo wangu, na mbele yake vitanda vya watoto. Wifi huyo huyo niliyemfundisha kupiga msasa kwa mikono yangu hii.

"Akaunti ni moja, tovuti ni mbili," dada akaendelea. "Cheti cha mwanzo kilikuwa na jina lako. Hiki kipya, mwenye akaunti amekiombea jina moja tu."

"Kuongeza langu ni ghali?"

"Ni bure, na ni kazi ya muda mfupi."

"Basi alisahau."

"Tulimkumbusha, mama. Alijibu tuache kama ilivyo."

Bure. Hilo ndilo lililonichoma. Mtoto niliyembeba mgongoni ameniuza, tena hata hakupata tabu kuniuza.

Nikaifungua tovuti ya wifi. Ikafunguka laini, bila onyo lolote. Picha ya kwanza ilikuwa kitanda nilichowapa zawadi walipopata mtoto wao wa kwanza. Alama za meno ya mtoto zilionekana bado kwenye ukingo, juu yake vanishi mpya, na chini wameandika: kazi ya mikono yetu. Nililia kama mjinga, nimekaa juu ya rundo la mbao zangu.

Nilipotulia nikampigia mdogo wangu.

"Tovuti inasumbua tena, dada?" Sauti tamu, kama siku zote. "Si nilikwambia ubonyeze endelea tu?"

"Nimebonyeza," nikasema. "Nimekikuta kitanda cha mwanao."

Nyuma yake nikamsikia wifi akiuliza anaongea na nani.

"Hamna mtu," mdogo wangu akamjibu, akakata simu.