Moshi Katika Nyumba ya Panya

Aingizaye moshi katika nyumba ya panya hukabidhi ufunguo wake siku iyo hiyo. Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu mwaka 1994, nilipokuwa msimamizi wa nyumba hiyo ya panya wa majaribio katika maabara yetu ndogo karibu na Isecheno. Kwa kanuni hiyo nilimwondoa Titus, msaidizi wangu, aliyevuta sigara mlangoni.

Julai iliyofuata ilikuwa na baridi kali. Daktari Awinja alikuwa akijaribu dawa ya kutuliza uvimbe aliyoitoa katika gome la mti. Panya wa kundi la kwanza walitiwa puani maji ya chumvi tu. Wa pili, sumu ya kuvimbisha mapafu. Wa tatu, sumu hiyo kisha dawa. Mwishowe mapafu yangepimwa uzito, kwa maana yaliyovimba hujaa maji.

Asubuhi ya siku iliyotangulia vipimo niliwakuta panya wamerundikana, wanatetemeka. Mke wangu huwapasha vifaranga joto kwa jiko la makaa; nami nikaleta jiko, nikafunga mlango kwa saa mbili. Makaa yaliyokolea, nilijiambia, hayana moshi.

Kesho yake Awinja alisimama mbele ya mizani.

"Mzee Philemon, hawa wa maji ya chumvi hawakuguswa na sumu. Mbona mapafu yao ni mazito kama ya wenzao?"

"Umepima vema?"

"Mara tatu. Basi nilikosea kuchanganya. Leo namwandikia profesa wangu kwamba kazi ya miaka mitatu imeharibika."

Ningaliweza kunyamaza.

"Usiandike," nikasema. "Niliwaingizia jiko."

"Wewe? Uliyemfukuza Titus kwa sigara moja?"

"Mimi."

Alikaa kitako, akafuta uso kwa kiganja. "Wako panya thelathini katika banda la pili, hawakufikiwa na hewa ya makaa. Nitaanza upya."

Alianza upya, na mwezi wa Septemba mapafu ya kundi la kwanza yalikuwa mepesi, na ya waliopewa dawa yakayakaribia. Lakini ufunguo haukungoja Septemba. Jioni ya siku ile niliyokiri nilitembea hadi Shinyalu, nikamkuta Titus akipalilia maharagwe, nikamweleza yote.

"Kumbe, mzee," akasema, akiegemea jembe, "sigara yangu ilikuwa ndogo mno!"

Alisema kweli. Nilimwekea ufunguo mkononi, nikarudi nyumbani kwa miguu.