Malalamiko ya Mgonjwa

Mara saba niliandika neno lile lile kwenye fomu ya Ma Kokubanza, mahali panapoulizwa malalamiko ya mgonjwa: hakuna. Mwandiko wangu ni mzuri, hata profesa aliyeongoza utafiti wetu aliwahi kuusifu. Sasa siwezi kuutazama.

Tulikuwa tukijaribu dawa ya shinikizo la damu iliyotengenezwa kwa mizizi ya mti wa porini. Kila mwezi nilitoka Bukoba mjini kwa pikipiki hadi Muleba, nikampima, nikafurahi kuona presha inashuka.

"Unapumua vizuri, Ma?" nilimuuliza mlangoni, kofia ya pikipiki ingali mkononi.

"Vizuri, mwanangu. Karibu ule kwanza."

"Siku nyingine, Ma. Nina nyumba sita za kupitia."

Mimi ni Mhaya, nimelelewa Kanazi. Nilijua fika kwamba kwetu mgeni hatwishwi maradhi ya mwenyeji kabla hajala. Nilijua, nikajitia hamnazo.

Mwezi wa nane nilimkuta hospitalini. Picha ilionyesha maji yameuzunguka moyo, yanaubana. Siku ya tatu akafariki.

"Miezi miwili alikuwa akilala ameketi ili apate pumzi," binti yake, Joanitha, aliniambia.

"Mbona hamkuniambia?"

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Uliketi lini, kaka?"

Profesa alisema huenda si dawa. Huenda. Lakini nilikuwa na wagonjwa wengine kumi na wanne wenye "hakuna" kwenye fomu zao, na sikuamini hata moja. Nilisumbua mpaka dawa ikasitishwa, kisha nikaenda Izimbya kwa mmoja wao, mzee Ta Rugemalira.

Nilimweleza yote: dawa aiache, mama mmoja wa Muleba amefariki. Halafu nikaketi. Mkewe akamenya ndizi, akazipika na maharage, nami nikasubiri roho juu. Nikala. Mzee akangoja mpaka nikanawa mikono.

"Waitu, mwenzetu, sasa tuongee," akasema. "Kifua kinanibana tangu Pasaka. Nikitoka kisimani napumzika mara tatu."

Niliandika yote. "Leo hii tunakwenda hospitali, Ta."

"Tutakwenda." Kisha akauliza taratibu, "Na yule mama wa Muleba, kwake ulipata kula?"

"Sikula, Ta."

Akamwita mkewe arudishe sahani, aniongeze na kile nisichokula Muleba.