Kiwanja Chenye Mwenyewe

Vita havina macho. Siku ya kuhamishwa, Mzee Gundi, fundi viatu, alipandishwa lori la kwanza. Binti yake akasukumwa ndani ya la pili. La kwanza likafika. Huu mwaka wa pili, la pili halijasikika.

Sasa serikali imetangaza makazi mapya. Watu wa mtaa wao wakaitwa kwenye ghala tupu, wakakuta sakafu nzima imechorwa kwa chokaa: viwanja, njia, hata kisima. Mpima ardhi, kijana mwembamba waliyekwisha kumbandika jina la Bwana Futi, alishika orodha.

"Ukisikia jina na namba, simama kwenye kiwanja chako. Asiyekuwepo hana kiwanja. Ndiyo sheria."

Mzee Gundi akaisogelea orodha, akaipitia kwa macho. Binti yake hayumo kwenye orodha.

Likaitwa jina la kwanza, la mama mkunga. Bibi huyo akavua viatu mlangoni kama anayeingia kwake, akajikokota hadi ukingoni mwa kisima.

"Bibi, hiyo siyo namba yako!"

"Mwanangu, miaka arobaini nimekaa kisimani. Hiyo namba yako ina miaka mingapi?"

Kicheko kikalipuka. Muuza mkaa naye akavua viatu, akasimama kushoto kwake.

"Jogoo wako usije naye!" mkunga akamkemea.

Basi wengine nao wakavua, wakamiminika, hakuna aliyeelekezwa, mpaka mtaa wa zamani ukasimama pale sakafuni, mlango kwa mlango. Katikati yakabaki mapengo. Hakuna aliyeyakanyaga; kila mtu alijua ni ya nani.

Mzee Gundi alikuwa mahali pake. Kulia kwake, patupu.

"Na hapa, mzee?" Bwana Futi akauliza.

"Pana mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Njiani."

"Lakini sheria, mzee wangu..."

Kalamu ilikuwa mezani, ng'ambo ya kiwanja kile. Bwana Futi akainua mguu apite, akaurudisha. Akazunguka mbali, kupitia mlangoni, kwa njia ya kisimani, akakata kona kwa mkunga, mpaka mezani. Akaandika, kisha akasoma kwa sauti iliyokwaruza:

"Namba kumi na saba. Kina mwenyewe. Yuko njiani."

Mzee Gundi akatazama chini asionekane macho. Ndipo alipoona: kijana yuko pekupeku, viatu kaviacha mlangoni pamoja na vya wenzake.

"Kile cha kushoto kimeachama soli," akasema. "Niletee kesho nikishone."