Nadhiri ya Daktari Asiyekuwepo

Siku ya hamsini na mbili ya eda yangu ilinikuta nimefagia ua mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya kwanza palikuwa na majani ya mwarobaini. Mara ya pili palikuwa na jani moja. Mara ya tatu nilifagia alama za ufagio wenyewe. Mama mkwe wangu, Bi Mwanarehema, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichagua mchele, akaniuliza ule ua umenikosea nini.

"Hapana kitu, Mama."

"Basi uwache upumue."

Mimi si mtu wa kukaa, na sijawahi kuwa. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi: nguo nyeupe, bila wanja, bila manukato, na mlango huuvuki ila kwa jambo la lazima. Wako wanawake wanaoipokea kwa utulivu, wakasoma, wakanenepa hata. Mimi nyayo zinaniwasha. Nimeshahesabu matundu ya dirisha la jikoni, na najua kila tuktuk inayopita njia yetu hapa Likoni kwa mlio wake, maana mume wangu Najib alikuwa dereva wa tuktuk, na kila inapopita moja moyo wangu hukimbilia mlangoni kabla akili haijaukumbusha kwamba Najib amekufa.

Lakini siku hiyo hayakuwa hayo peke yake. Siku ya Jumatano nilipokea ujumbe kutoka Nairobi: "Hongera Mastura! Utaonekana Jumapili, saa kumi na moja jioni. Waambie ndugu na marafiki." Mwishoni waliweka vipicha vya makofi. Jumapili ndiyo hiyo.

Nieleze. Mimi huimba. Nimeimba harusini tangu nina miaka kumi na minne, kule ndani kwa wanawake, na Mama hakuwa na neno juu ya hilo. Najib ndiye aliyenirekodi kwa simu yake nikiosha vyombo, akawapelekea watu wa Sauti Bila Sura, yale mashindano ya televisheni ambapo wanamuziki wanne mashuhuri hukaa wamekupa mgongo, na akikupenda mmoja wao hubonyeza kitufe, kiti kikageuka, akawa mwalimu wako. Walipotuita, furaha ilinikaa kwa dakika moja tu. Kisha nikamkumbuka Mama. Kuimba mbele ya wanaume, nchi nzima ikitazama? Angekataa, na neno lake humo ndani halikuwa na rufaa.

"Tutamwambia tunakwenda kwa daktari," akasema Najib.

Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa bila mtoto. Kusema daktari kulitosha. Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Nilimwambia huo ni uongo mbaya. Akacheka, akasema atakwenda kuutengua mwenyewe siku kipindi kitakapotoka, mama yake atamkasirikia siku mbili, ya tatu atamtafutia mwana mwema wake kipande kinono cha samaki. Nami niliutaka ule ukumbi wa mashindano kwa roho yangu yote, basi nikanyamaza.

Mama alipoambiwa daktari, aliinua mikono pale pale. Aliweka nadhiri: Mungu akitufikisha kwa huyo daktari na kuturudisha salama, atafunga kila Jumatatu na Alhamisi kwa miezi sita. Ana miaka sitini na minane na vidonda vya tumbo. Tuliporudi, Jumatatu ya kwanza, nilimuona magharibi akishika kikombe cha uji kwa mikono miwili inayotetemeka. Nilimtazama Najib. Najib alitazama dari.

Wiki tatu baadaye tuktuk yake ilipinduka kwenye mteremko wa kwenda Shelly Beach, mvua ikinyesha. Simu yake ilisagika pamoja naye. Na Mama hakuacha kufunga. Mwezi wa kwanza alikuwa akinitazama tumbo akidhani simuoni. Mwezi wa pili ilibidi nimwambie hakuna kitu. Akasema, "Haidhuru. Nadhiri ni deni la Mungu," na Alhamisi akafunga tena.

Basi mnaelewa kwa nini nilikuwa nafagia. Saa kumi na moja Mama angejua kwamba anajitesa kwa ajili ya daktari asiyekuwepo, na kwamba mwanawe wa pekee aliingia kaburini na uongo mdomoni ambao hajapata kuuombea radhi. Radhi ya mama, kwetu sisi, si jambo la kuchezea. Na baada ya Mama wangekuja majirani: mjane wa jana, kapakwa rangi za mdomo, anaimba kwenye televisheni! Nani angeuliza ilirekodiwa lini?

Niliamua kufanya jambo la kijinga. Baada ya swala ya alasiri, Mama akiwa bado kwenye msala, niliingia ukumbini nikachomoa waya wa nyuma ya king'amuzi, nikaufukia ndani ya debe la mchele.

Saa kumi na moja kasoro robo akabisha hodi Mama Jalila, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Televisheni yake iliungua mwezi wa Ramadhani, na tangu tulipofanya arubaini na kuifunua ya kwetu, hakosi kuja Jumapili. Sauti Bila Sura anaipenda kuliko kashata zake mwenyewe, nazo anazipenda.

"Haishiki leo," nikamwambia. "Ungo umeharibika."

"Umeharibika vipi? Asubuhi si nilisikia mawaidha hapa?"

"Ndiyo hivyo. Umeharibika tangu mchana."

Alinitazama kwa jicho la mtu aliyenyimwa kitu chake. Akasema basi atakwenda kuazima simu ya Jalila, ataitazama humo kwa taabu hivyo hivyo, kisha atarudi kutusimulia. Akatoka. Atarudi kutusimulia! Nilikuwa nimeziba tundu la panya na kumfungulia mlango paka. Nilikwenda jikoni, nikarudi. Nikahamisha mtungi, nikaurudisha ulipokuwa.

"Mastura."

"Abee, Mama."

"Njoo ukae. Wanizungusha kichwa."

Nikakaa kwenye mkeka ubavuni pake. Alikuwa ameikabili ile televisheni iliyozimwa.

"Jana usiku," akasema, "nilitaka kuikumbuka sauti yake. Sura naipata. Naliona hata lile kovu la kidevuni alipoanguka mkwajuni. Lakini sauti ilinikataa, mwanangu. Nilisema, Najib, nambia hata shikamoo tu nikusikie. Haikuja. Siku hamsini tu, ishanikimbia. Wewe waisikia?"

Niliisikia. Mimi nilikuwa naisikia kutwa. Na hapo ndipo lilipoingia kichwani mwangu jambo ambalo, kwa hofu zangu za kujificha, sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Siku ile ya kurekodi, mimi nilipokuwa jukwaani, jamaa za washiriki waliwekwa chumba cha pembeni na mtangazaji, na kamera yao peke yao. Najib alikuwa humo. Nilipomuuliza baadaye alisema nini, alicheka tu: "Utaona siku ya siku."

Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi na moja kwa dakika kumi. Nikasimama, nikatumbukiza mkono ndani ya debe la mchele mpaka kiwiko.

"Wafanya nini tena?" akauliza Mama.

"Mama, nitawasha televisheni." Sauti yangu ilikuwa inapanda na kushuka kama ya mtu anayekimbia. "Utakachokiona kitakuudhi. Najib na mimi tulikudanganya. Hatukwenda kwa daktari. Ukishaniona mimi utaudhika, na haki yako. Lakini usitoke. Subiri umuone Najib."

Sijui kama alinielewa. Waya ulikataa kuingia mara mbili, mara ya tatu ukakaa, na picha ikaja. Kwanza alikuwa kijana wa Nairobi na gita lake, viti vyote vinne vimempa mgongo mpaka mwisho, maskini. Kisha matangazo. Kisha mimi.

Nimevaa gauni la kijani la kuazima. Nywele zangu zimefunikwa lakini midomo ni myekundu. Naimba wimbo wangu mwenyewe, wa bi harusi anayekataa kutoka chumbani mpaka mama yake aje amshike mkono. Mama alishika shavu. Sikuweza kumtazama yeye wala kujitazama mimi, nilitazama waya.

Kiti cha kwanza kiligeuka. Alikuwa Eddah Nyale, yule mwimbaji wa injili kutoka Kilifi mwenye sauti nzito, kasimama kabisa, mikono kichwani. Na hapo picha ikaruka kwenda chumba cha pembeni.

Alikuwa anaruka. Mume wangu, kwa kanzu yake ya Idi, anaruka kama mtoto aliyeachiwa shule, kofia imeanguka. "Huyo ndiye mke wangu! Huyo ni wangu!" Mtangazaji anacheka, anamuuliza na mama mzazi yuko wapi leo.

"Mama yuko Likoni," akasema Najib. "Anajua tuko hospitali."

Watu waliokuwa naye chumbani humo wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliitafuta kamera, akainamia karibu kabisa, mpaka lile kovu la kidevuni likaonekana.

"Mama, shikamoo. Siku utakayoona haya nitakuwa nimekaa hapo miguuni pako, nimejifunika uso. Nimekudanganya, na wewe umeweka nadhiri ya kufunga kwa ajili yangu, na roho inaniuma. Nizabe kofi moja. Kisha unipe radhi, Mama. Usiache kunipa."

Picha ikarudi kwangu, nalia, Eddah amenikumbatia. Mama alikuwa ameshasimama. Sikujua kama miguu ile ingeweza kusimama upesi namna ile. Aliifikia televisheni, akainua mkono, akakipiga kioo kofi dogo, la mtu anayefukuza nzi kwenye uso wa mtoto mchanga aliyelala. Lakini Najib alikuwa hayupo tena. Kofi lilimpata msichana wa tangazo la sabuni.

"Marahaba," akasema Mama. "Marahaba, mwanangu. Radhi. Radhi zangu zote, duniani na akhera." Akabaki ameegemeza kiganja pale kwenye sabuni, nami nikamkumbatia kwa nyuma, tukalia sote wawili kwa sauti, jambo ambalo siku ya mazishi tulikatazwa.

Ndivyo alivyotukuta Mama Jalila, kaingia bila hodi, simu mkononi, shela begani.

"Mastura! Nimekuona kwa mato yangu! Kumbe washatoka eda? Wallahi, kaburi la mtu halijakauka, washakwenda Nairobi kupakwa midomo?"

Nilifungua kinywa. Mama alinitangulia, bila hata kugeuka.

"Ulimuona na Najib?"

"Nimemuona... ndiyo, nimemuona, kaomba na radhi."

"Basi ikiwa Mastura katoka eda," akasema Mama, "Najib naye katoka kaburini. Nenda kamlete anywe chai."

Mama Jalila alikaa chini polepole. Baada ya kitambo akajifuta macho kwa shela, akasema kweli, sauti ilikuwa yake mwenyewe, hasa pale aliposema shikamoo. Mama akamuomba airudie hapo kwenye simu. Akairudia. Akamuomba tena. Nadhani waliirudia mara kumi na tano, vichwa viwili juu ya kioo kidogo, mpaka adhana ya magharibi.

Usiku ulipoingia tulikula wali na mchuzi wa samaki, sisi wawili. Nilikuwa nangoja hukumu yangu, na goti langu halikutulia chini ya sahani.

"Yule mwanamke mnene wa sauti," akasema Mama, "ataka nini kwako?"

"Ataka niende Nairobi mwezi ujao, Mama. Mazoezi ya awamu ya pili."

"Hutokwenda."

"Najua."

"Eda haikatwi kwa ajili ya wimbo."

"Najua, Mama."

Alichambua mwiba, akauweka pembeni. "Mwambie utakwenda ukishatoka eda. Kama aitaka sauti kweli, atangoja. Asipongoja, huimba wapi mtu? Harusi haziishi." Kisha, kana kwamba ni neno la kawaida tu: "Huo wali uliobaki nifunikie. Wa daku."

Nikaweka tonge chini. Kesho ilikuwa Jumatatu.

"Mama, nadhiri ile ulimwekea Mungu akitufikisha kwa daktari. Hatukufika. Hapakuwa na daktari. Huna deni tena, na tumbo lako..."

"Mastura," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona meno yake. "Ule uongo wenu nimeufungia miezi miwili na nusu. Ije iwe ukweli ndio wa kunishinda?"

Nikaufunika wali. Nikauweka juu ya kabati, paka asiufikie, na nikarudi kukaa.