Mlango wa Benchi

Wivu wa kipa wa akiba, jamani, usikie tu kwa wenzako. Mshambuliaji wa akiba ataingizwa hata dakika za mwisho. Kipa wa akiba mara nyingi huingia mwenzake akiumia, basi. Kwa hiyo mdomoni anamtakia mwenzake afya njema, na moyoni anajua mwenyewe anachoomba.

Sostenes alikuwa mtu wa namna hiyo. Mzaliwa wa Moshi, alikulia Finland kwa mama yake mdogo, akajifunzia huko hoki ya barafu, na tangu ujana amehama klabu kwa klabu, nchi kwa nchi, kote akisugua benchi. Sasa ndevu zina mvi, yuko Guangzhou, na klabu imeshamwambia: msimu ujao hatuna nafasi yako, labda utuonyeshe kitu. Aonyeshe nini akiwa amekaa? Kufungua mlango? Maana ndiyo kazi yake hiyo. Wachezaji wa hoki hutoka na kuingia kila mara, na kwa desturi kipa wa akiba ndiye anayewafungulia mlango wa benchi.

Golini anasimama Liang, kijana wa hapohapo mjini, mwenye tabasamu la kuuzia dawa ya meno. Sostenes alimchukia hata anavyokunywa maji.

Siku ya mechi, mkewe Imelda, anayenunua nguo za jumla soko la Shahe na kuzisafirisha nyumbani, alirudi na furushi la jezi. Sostenes akakunjua moja. Mgongoni: Liang. Akakunjua nyingine. Liang.

"Mama Goodness, yangu iko wapi?"

"Hizi za biashara, Baba Goodness," Imelda alisema huku akihesabu saizi. "Hata laobani wa kiwandani kaniomba moja, bosi mzima! Yako nitamuuzia nani?"

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. Sostenes alisonya, akabeba begi lake, akaondoka bila kunywa chai.

Uwanjani Imelda alikaa jukwaani amevaa jezi yenyewe ili watu waione bidhaa, anapiga kelele: "Liang! Liang!" Sostenes akasahau mchezo, akawa anamtazama yeye tu, roho inachemka. Mke wangu wa ndoa! Mgongoni jina la mwanamume mwingine!

Hapo mwamuzi akainua mkono: wapinzani wamecheza faulo. Katika hoki, ikiwa hivyo na ninyi bado mnashambulia, kipa huacha goli na kukimbilia benchi ili mshambuliaji wa ziada aingie, maana wapinzani wakigusa tu, filimbi inalia. Liang akaja kasi. Sostenes alimwona. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo, na tuseme ukweli, aliuacha hapohapo. Leo na yeye apige hodi, aliwaza.

Liang alizoea kukuta pako wazi, hakupunguza mwendo. Aliubamiza mlango kwa bega, akaanguka akipiga ukelele.

"Komeo limekwama!" walisema wote. Sostenes hakubisha. Alivaa kofia yake, akaingia golini.

Na alicheza, lo! Alizuia kwa miguu, kwa kifua, kwa kila alichopewa na Mungu. Imelda alipanda juu ya kiti, akageuza jezi nje ndani, akaita: "Baba Goodness! Baba Goodness!" mpaka sauti ikamkauka. Yote aliyoyatamani miaka yote akapewa jioni ile, na hakuna hata moja lililompita kooni.

Kisha mwamuzi akainua tena mkono dhidi ya wapinzani. Sasa zamu ya Sostenes kukimbilia benchi. Aliteleza kwa nguvu zote, akijiuliza nani atamfungulia.

Mlango ulikuwa wazi kitambo. Liang alikataa kupelekwa hospitali kabla mechi haijaisha. Alisimama pale uso umempauka, mkono mmoja umefungwa kifuani, wa pili umeushikilia mlango.

"Pita, kaka," alisema. "Hilo komeo ni bovu. Nimeushika mlango mwenyewe, lisije likakuumiza na wewe."